Kimo cha Mtukufu

Nchi yenyewe haipo. Ukiitafuta kwenye ramani utajisumbua bure, na ukikutana na mtu anayedai alizaliwa huko, mpe chai umwache apite. Jina lake lilikuwa Tambarare. Watu wake walikuwa wapole, watiifu, na wenye macho mazuri kupita kiasi. Hilo la macho lilithibitishwa kisayansi, kama tutakavyoona.

Tambarare iliongozwa na Mtukufu. Alikuwa na majina mengine, lakini yalikuwa mengi mno, na mtangazaji mmoja wa redio alipoishiwa pumzi katikati ya majina hayo aliachishwa kazi kwa kosa la kumpunguza kiongozi. Mtukufu hakupungukiwa na kitu. Hekima yake ilikuwa na jengo lake la ghorofa. Nishani zake zilikuwa nzito, akizivaa zote alitembea kiupandeupande. Kitu kimoja tu alikikosa, na hakuna aliyekitaja kwa sababu hakuna aliyekiona. Mtukufu alikuwa mfupi.

Mambo yangeendelea hivyo kwa amani lau si alizeti. Kwenye maonyesho ya wakulima, Mtukufu alisimama kupigwa picha kando ya alizeti iliyopata zawadi ya kwanza, na gazeti la serikali, bila ubaya wowote, likaitoa picha ile ukurasa wa mbele. Alizeti ilikuwa imemwinamia Mtukufu kutoka juu, kama shangazi anayemtazama mtoto mgonjwa. Asubuhi hiyo nchi nzima ilinunua gazeti na nchi nzima haikuona kitu. Mhariri aliomba radhi kwa niaba ya mpigapicha, mpigapicha akaomba radhi kwa niaba ya kamera, na mkulima akashtakiwa kwa kuotesha bila kipimo. Alizeti iling'olewa mbele ya mashahidi.

Jioni yake Baraza la Mawaziri lilikaa na kuunda Wizara ya Vimo na Mwonekano. Waziri wake akawa Mheshimiwa Kasukari, mtu mnene mwenye sauti nyororo, ambaye kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Mvua na aliondolewa huko kwa sababu ya ukame.

*

Katika chuo kikuu cha Tambarare, nyuma ya jiko la wanafunzi, kulikuwa na chumba chenye mapazia meusi. Humo alifanya kazi Dakta Mwasiti Tindwa, mtafiti wa namna jicho linavyokadiria ukubwa wa vitu. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuiheshimu. Alimkalisha mtu kitini, akamwonyesha vijiti viwili, akamuuliza kipi ni kirefu. Kisha akabadilisha vijiti na kuuliza tena. Alifanya hivyo kutwa, mwaka baada ya mwaka, huku harufu ya maharage ikipenya kwenye mapazia. Shangazi zake wakiulizwa mjini binti yao anafanya kazi gani, walijibu yuko ofisini, ili wasiulizwe zaidi.

Na bado alikuwa amegundua jambo. Kijiti kile kile huonekana kirefu kikiwekwa kati ya vijiti vifupi, na huonekana kifupi kikiwekwa kati ya virefu. Jicho halina rula ndani yake. Kazi yake ni kulinganisha tu. Tofauti ilikuwa ndogo, unene wa ukucha hivi, lakini ilikuwepo, na Mwasiti aliipenda kama watu wengine wanavyopenda vito. Aliiandikia makala ndefu. Mhariri wa jarida alimsifu kwa makosa machache ya uchapaji.

Siku Mheshimiwa Kasukari alipofika, ilikuwa mara ya kwanza gari la serikali kusimama nyuma ya jiko lile. Waziri aliingia, akakaa kwenye kiti cha majaribio, akaomba naye aonyeshwe vijiti. Mwasiti akanyanyua viwili na kuuliza kipi kirefu. Waziri hakuvitazama. Alimtazama Mwasiti usoni, akachagua cha mkono wa kulia.

Hapa inafaa mgeni aelezwe. Katika Tambarare mtu akiulizwa swali hutazama kwanza uso wa muulizaji, ndipo ajibu. Ndiyo adabu yenyewe. Mtoto aliyejibu kwa kutazama kile kitu kilichoulizwa alihesabiwa kuwa hakulelewa, na wazazi wake waliitwa shuleni.

Waziri akauliza, kwa sauti yake ile ya asali, kama inawezekana kitu kikarefushwa bila kuguswa. Mwasiti alisema inawezekana, na akaeleza kwa sentensi moja aliyoisema miaka mingi kwa watu waliokuwa wakipiga miayo, kwamba kitu huonekana kirefu kikizungukwa na vifupi. Waziri akamwomba airudie. Akairudia. Msaidizi akaiandika, na kabla juma halijaisha ilikuwa imechapwa kwenye khanga, na wanawake wanafungia watoto mgongoni.

Tusimlaumu haraka. Hakuna aliyewahi kumwomba Mwasiti arudie jambo. Usiku ule alijitazama kwenye kioo cha kabati na kuona mtu wa maana.

*

Tambarare jambo la maana huchelewa, lakini la ajabu halina foleni. Miti ya barabarani ilikatwa ikabaki kimo cha goti. Milingoti ya bendera ilifupishwa hadi bendera zikafagia vumbi, na zikasifiwa kwa unyenyekevu. Twiga wa bustani ya taifa alipakiwa kwenye lori akapelekwa nchi jirani; na kwa kuwa alikuwemo pia kwenye nembo ya taifa, nafasi yake ilipewa kobe, naye akachorwa akiwa ameingiza kichwa. Kila mlango wa nyumba ulipigiliwa ubao kwa juu, uliojulikana kama ubao wa uzalendo, na watu wakazoea kuingia makwao kama waingiao zizini.

Mawaziri hawakungoja kuambiwa. Mmoja alikata visigino vya viatu. Mwingine akaanza kuvaa kandambili na suti. Waziri wa Ardhi, aliyekuwa na mafundi wa kuchimba, alichimbiwa shimo mbele ya kiti chake awe anasimama humo akitoa hoja, na wenzake walimwonea wivu mpaka wote wakachimbiwa, ukumbi wa Baraza ukawa kama shamba linalongoja migomba. Mvua iliponyesha na paa likavuja, walijadili bajeti wakiwa wamezama hadi mapajani, na hakuna aliyetaja maji.

Mwishowe ikaja Sheria ya Kuinama kwa Hiari. Kila raia aliyezidi kimo cha heshima, kilichochorwa kwa mstari mwekundu kwenye ukuta wa soko, aliombwa ainame Mtukufu anapopita ili apunguze kilichozidi. Asiyependa kuinama kwa hiari angesaidiwa na polisi.

Mwasiti alihamishwa kutoka nyuma ya jiko. Alipewa ofisi yenye zulia, dereva mwenye kofia, na cheo cha Mkurugenzi wa Jicho la Taifa. Shangazi zake sasa walieleza kazi yake hata pale wasipoulizwa.

*

Wizara ilitaka ithibati. Mtukufu wa plaiwudi akatengenezwa kwa kimo chake kamili, nishani zikapakwa rangi, akasimamishwa katika maabara mpya. Raia waliletwa kwa malori. Kila mmoja alionyeshwa Mtukufu yule akiwa kati ya watu walioinama, kisha kati ya watu waliosimama wima, halafu akaulizwa anamwonaje.

Majibu yalishangaza. Kati ya walioinama, watu walimwona Mtukufu amerefuka dhiraa nzima. Mama mmoja muuza ndizi alisema kichwa hakioni kabisa, kimefichwa na mawingu, na walikuwa ndani ya nyumba.

Mwasiti hakuwa mjinga. Alijua jicho la binadamu halitoi dhiraa nzima. Akaweka kalamu chini, akawatazama watu wanavyojibu, na alichokiona kilimtia baridi. Hakuna aliyemtazama Mtukufu wa plaiwudi. Walimtazama yeye. Kila alipomsogelea mtu na swali, macho yalipanda usoni pake, yakatafutatafuta, yakapata, yakajibu. Kwa majuma yote yale alikuwa akiupima uso wake mwenyewe.

Basi akafanya lililo sahihi, na tumpe haki yake kwa hilo. Alitundika pazia, akakaa nyuma yake, akauliza maswali kwa sauti isiyoonyesha mwelekeo. Watu walihangaika. Wengine walichungulia chini ya pazia kuona viatu vyake vimeelekea wapi. Bwana mmoja aliyekuwa amevaa tai aligoma kujibu mpaka aonyeshwe mwenye swali. Lakini walipokosa uso wa kuushika, polepole na kwa hofu, wakaanza kukitazama kitu chenyewe. Na kitu chenyewe kilikuwa kifupi. Umati wote ule wa migongo iliyokunjwa ulimwongezea Mtukufu unene wa kidole, basi.

Sasa alikuwa na majibu mawili, na akaitwa wizarani. Njiani ndani ya gari alijiapiza kwamba atasema la kidole. Alilifanyia mazoezi kimoyomoyo. Alitaka hata kutabasamu kidogo mwishoni, kumwonyesha Waziri kwamba kidole kimoja kwa sayansi ni ushindi mkubwa.

Waziri alimpokea akiwa amesimama ndani ya shimo, maana ofisini pia alichimbiwa, hivi kwamba Mwasiti alilazimika kumtazama kutoka juu. Akamuuliza kwa upole kabisa.

"Sayansi inasemaje, Dakta?"

Na Mwasiti, ambaye katika nchi nzima ndiye peke yake aliyeujua ugonjwa ule kwa kuupima, alimtazama Waziri usoni kwanza. Kisha akajibu.

"Dhiraa nzima, Mheshimiwa."

Aibu ya maiti aijua mwosha, walisema wahenga, na siku ile Mwasiti alikuwa maiti, na mwosha alikuwa yeye mwenyewe. Alishuka ngazi akiwa na masikio ya moto. Dereva akamfungulia mlango wa gari, akampigia saluti.

*

Dhiraa nzima si kitu cha kufungia kabatini. Waziri alitangaza Siku ya Vimo. Siku hiyo, mbele ya taifa, Mtukufu angesimama kando ya mtu mrefu kuliko wote Tambarare, na wananchi wangejionea kwa macho yao.

Mtu mrefu kuliko wote hakutafutwa sana. Alikuwa Mzee Tindwa, babake Mwasiti, aliyefanya kazi stesheni ya reli mpaka alipostaafu na ambaye alikuwa akitia ufunguo saa kubwa ya stesheni bila ngazi. Watoto wa mtaani walimwita Mlingoti, naye aliitika. Hakuwa na majivuno. Alisimama tu, kama mtu aliyepewa kitu na hakuona sababu ya kukirudisha. Kumwomba ainame aliachiwa Mwasiti, kwa kuwa, alivyosema Waziri, damu husikilizana.

Alimkuta babake uani, ameketi kwenye kigoda, anamenya muhogo. Kwenye paji la uso alikuwa na plasta, kwa sababu ya ubao wa uzalendo. Mwasiti alimwamkia, akakaa, akazungumza kwa muda mrefu. Alizungumza juu ya ulinganisho, na udhaifu wa jicho, na maslahi ya taifa, na kwamba ingekuwa dakika chache tu. Mzee aliendelea kumenya. Baadaye akauliza kama mtu anaruhusiwa kukataa. Mwasiti akasema kila raia yuko huru, kisha akaeleza, huku sauti ikimpotea, kwamba ile dhiraa ilitoka mkononi mwake yeye, na kwamba ikionekana ya uongo kuna ofisi itakayofungwa na huenda na mtu naye.

Mzee Tindwa akaweka kisu chini.

"Sikuulizi habari za jicho," alisema. "Nakuuliza hivi. Wanaotaka niiname ni wao, au ni wewe?"

Mwasiti aliyatazama maganda ya muhogo. "Ni mimi, Baba."

Mzee akapangusa mikono yake.

"Ulipokuwa unajifunza kutembea hukufika hata goti langu. Mama yako alikuwa hoi kitandani. Nilikunja mgongo wangu masika mazima ili mkono ukufikie, na wenzangu wa stesheni wakinicheka. Kwa hiyo mgongo huu unakujua. Nitainama."

Mwasiti alitamani amkatalie. Alitamani asimame pale uani aseme basi, Baba, wacha wanifunge. Maneno yalifika kooni yakageuka, na alijikuta anamshukuru kwa sentensi ile ile aliyozoea kuwashukuru raia walioletwa kwa malori. Mzee alikiokota kisu, akachukua muhogo mwingine.

*

Siku ya Vimo uwanja wa taifa ulijaa. Bendi ilipiga ikiwa imeketi. Mtukufu alipanda jukwaani kiupandeupande, na umati ukainama kwa mkupuo. Kisha akaletwa Mzee Tindwa, amevaa koti lake la reli lenye vifungo vya shaba alivyovisugua mwenyewe.

Alifika katikati ya jukwaa akasimama wima. Ulikuwa muda mfupi tu, maana ndivyo ratiba ilivyotaka, ili watu waone kabla na baada. Lakini tangu sheria ipite, hakuna aliyekuwa ameona mtu mzima amesimama hivyo mbele ya Mtukufu, na uwanja ulinyamaza kimya ambacho hakikuwa kwenye ratiba. Mtoto mmoja akacheka kwa furaha, akazibwa mdomo.

Waziri akampungia Mwasiti, ambaye kama mtaalamu ndiye alipaswa kutoa amri. Mwasiti akashika kipaza sauti. Hakuweza kusema Baba.

"Raia," alisema, "tafadhali inama."

Mzee akainama. Akakunja mgongo, akaweka mikono magotini, kichwa kikafika usawa wa nishani za chini za Mtukufu. Ndipo Mheshimiwa Kasukari akaanza hotuba.

"Ndugu wananchi, leo sayansi imempigia Mtukufu saluti. Wapo wanaosema kimo ni mifupa. Hao ni watu wa jana. Kimo ni uhusiano. Na uhusiano, ndugu wananchi, ni jambo la serikali."

Alieleza historia ya kimo tangu enzi za mababu. Akawashukuru wadau. Akasoma salamu za mikoa, kisha za wilaya, kisha za chama cha wafuga nyuki, ambao walituma asali na shairi. Jua lilipanda. Kutoka kwenye paji la Mzee Tindwa jasho lilidondoka kwenye zulia jekundu, na doa likakua. Magoti yakaanza kumtetemeka.

Alipoona hotuba haielekei mwisho, aligeuza shingo na kumtazama Mwasiti usoni. Hakulalamika. Alimtazama tu kama mtu yeyote wa Tambarare anavyotazama, kutafuta jibu ni lipi, kwamba imetosha au bado. Ilihitajika Mwasiti aitikie kwa kichwa. Kuitikia tu, kidogo, na yule mzee angesimama, liwalo na liwe. Lakini Waziri naye alikuwa amegeuka, anamwangalia, midomo ikiendelea kusoma salamu.

Mwasiti akageuza uso.

Wakati wa kuuliza ulipofika, Waziri aliuliza umati nani mrefu. Macho ya uwanja mzima yalipanda kwenye uso wa Waziri, yakaona, na jibu likanguruma kwamba ni Mtukufu. Wa nyuma, ambao uso ule hawakuuona, waliwauliza wa mbele kwanza.

*

Mzee Tindwa alitangazwa Mfano wa Taifa, akapelekwa mikoani. Aliinama sokoni, aliinama mashuleni, aliinama kwenye uzinduzi wa kisima ambacho hakikuwa na maji lakini kilikuwa kifupi. Mheshimiwa Kasukari hakuwa mtu wa kutumia watu hovyo bila ushauri wa kitaalamu, kwa hiyo kabla ya kila ziara alimpigia Mwasiti simu kuuliza kama sayansi bado inamhitaji yule mzee. Mwasiti alijibu bado kidogo. Alizoea kulisema hilo mpaka akawa analisema kabla hajaulizwa.

Hakwenda kumwona babake. Alijiambia kazi ni nyingi. Chakula kilimkataa, na watoto walipopita barabarani wakiimba habari za mlingoti ulioanguka, alifunga dirisha na kuketi na joto lake. Kulikuwa na nyakati aliona haya hata mbele ya dereva, akajifanya anasoma kitu njia nzima.

Masika yakapita, kiangazi kikaingia. Kisha, kutoka nchi ya mbali, akaja balozi mpya. Alikuwa mtu wa kimo cha kawaida kabisa, mwenye upara na mafua. Barua ya kumweleza utaratibu wa kuinama ilikuwa bado inangoja mihuri, kwa hiyo alishuka kwenye ndege akatembea kama watu wanavyotembea.

Mwasiti alilijua jambo hili tangu mwanzo na hakulisema, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Jicho huzoea. Likionyeshwa vitu vilivyokunjwa kwa muda mrefu, huvichukulia kuwa ndiyo hali ya dunia. Katikati ya taifa lililoinama yule bwana mwenye mafua alipanda juu kama mnara. Watoto walilia. Gwaride lilimpa heshima mara mbili kwa kuchanganyikiwa. Wanawake waliulizana analala kitanda gani. Na Mtukufu, aliyekuwa ameamini kwa moyo wote kwamba anakua, alisogea kumpa mkono, akajikuta anatazamana na kifungo cha tatu cha koti la mgeni. Alikitazama kifungo kile kwa muda mrefu. Kwa kuwa nchini mwake hapakuwa na mkubwa wake wa kumtazama usoni apate jibu, alilazimika kuona.

Kesho yake sheria ilifutwa. Mheshimiwa Kasukari alitangaza redioni kwamba kimo ni fikra za kigeni, kwamba Tambarare imetembea wima tangu enzi za mababu, na kwamba atakayekutwa ameinama atasaidiwa na polisi. Wizara ikabadilishwa jina ikawa Wizara ya Uzito, kwa sababu Mtukufu, alipokuwa akikitazama kile kifungo, alikuwa pia ameona tumbo la balozi lilivyo bapa.

Waziri alimwita Mwasiti, akamuuliza kwa ile sauti ya asali kama inawezekana kitu kikafanywa chembamba bila kuguswa.

Mwasiti alilijua jibu. Mwanafunzi wake yeyote angelijua. Aliona taifa zima linanenepeshwa kwa amri, aliona akina mama wakilishwa uji kwa foleni, na akatamani kumwambia yule bwana usoni kwamba hapana, na hata mara ya kwanza haikuwezekana. Badala yake alisema macho yanamsumbua, akaomba likizo. Hata hilo, alilibaini akiwa mlangoni, alilisema baada ya kumtazama usoni. Waziri alimwonea huruma. Alisema ni hasara kubwa mtaalamu wa macho kuugua macho.

*

Alimwacha dereva, akaenda kwa miguu. Mtaani kwa babake watu walikuwa wanang'oa mbao kwenye milango kwa nyundo na shoka, wakicheka, wakipiga kelele, na wengine bado wakiinamisha vichwa walipopita mahali ambapo ubao haukuwepo tena. Walimtambua. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimu kwa heshima, na ile heshima ikamuunguza kuliko tusi.

Njia nzima alikuwa akipanga namna ya kuomba radhi. Alikuwa na maneno, alikuwa hata amechagua yapi yatangulie. Babake alikuwa amerudishwa jana kwa lori na kushushwa sokoni pamoja na mikungu ya ndizi, akaja nyumbani mwenyewe.

Alimkuta uani anafagia. Mgongo umekunjwa vile vile, kama jukwaani, kichwa kimeelekea chini, ufagio unakwenda polepole kwenye vumbi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Maneno mengine yote yalimkauka. Mzee alikuwa anamwelekea lakini macho yake yalikuwa kwenye viatu vya binti yake. Mwasiti akadhani bado anaogopa. Akamweleza haraka haraka kwamba sheria imekufa, kwamba hakuna mstari mwekundu, hakuna ziara, hakuna simu, na sasa polisi wanawakamata wanaoinama. Alisikia sauti yake inavyoharakisha, akaionea aibu hiyo pia.

"Imekwisha, Baba," alisema. "Simama sasa."

Mzee Tindwa akauegemeza ufagio ukutani. Akashika magoti, akavuta pumzi, akatulia kama mtu anayekagua kitu ndani yake mwenyewe.

"Mbona nimesimama, mwanangu," akasema.

Mwasiti akapiga magoti vumbini ili amwone uso.